Mama wa Redio na Miti ya Ubatizo

Mjini Butembo, ubishi juu ya mvua, udongo, moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, au samaki wadogo huwa na mwisho mmoja. Mmoja wa wabishani husema, "Mama wa Redio alisema ivi," na wengine hunyamaza au hugeukia siasa. Nimeyasikia maneno hayo nikiwa nyuma ya pikipiki, nimeyasikia kwa kinyozi, na mara moja kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri. Sijui mwenye jina hilo alizaliwa kilima gani wala baba yake alilima nini. Sikumwuliza, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda wageni wa kipindi chake waanze kwa kutaja ukoo na vyeo. "Anza ku jambo yenyewe," alikuwa akiwakatiza, hata kama mgeni ni mkubwa wa serikali.

Alikuwa na kipindi kimoja tu, cha mazingira, kila Jumamosi asubuhi, katika redio ndogo iliyokodi vyumba vitatu mtaani Kimemi, juu ya duka la mabati. Wapakiaji wa duka walitupa mabati kwenye lori bila kujali nani yuko hewani. Yeye alijifunza kunyamaza sekunde ile ile bati linapoanguka, kisha kuendelea kana kwamba alikuwa anavuta pumzi. Hakuwa na gari wala nyumba ya ghorofa, na wafanyabiashara wa mji wetu, ambao humpima mtu kwa kontena zake, walimwona maskini wa kusikitisha. Mali yake ilikuwa moja: akisema jambo, watu waliliamini na kulifanya. Mali hiyo aliipata polepole na kuilinda kwa wivu. Nataka kueleza jinsi alivyokuja kuiweka mezani yote, kwa hiari yake, nikiwa nimekaa kando yake.

Nilikuwa bado mtoto mchanga kilimani, upande wa Lubero, alipoanzisha jambo la miti ya ubatizo. Wakati ule vilima vyetu vilikuwa uchi. Watu walitafuta kuni mbali, wengine mpaka pembezoni mwa mbuga ya wanyama, na si wote waliorudi wazima. Yeye akasema hewani kwamba kila familia inayobatiza mtoto ipande mikaratusi kwa jina la mtoto huyo. Mtoto akikua, miti nayo inakua. Akifika sekondari, inapasuliwa mbao na kumlipia masomo. Mapadri wakalirudia kanisani. Familia za Waislamu kwenye barabara ya Beni nazo zikaanza kupanda siku ya kumpa mtoto jina. Na kwa kuwa aliwahurumia wanawake waliotoka kujifungua, wasipandishe maji ya kumwagilia miche mpaka juu ya kilima, akaongeza ushauri mmoja: pandeni bondeni, karibu na chemchemi.

Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Miti yangu ilikatwa nilipoanza sekondari, ikachipua, ikakatwa tena nilipokwenda chuo. Leo ni mtafiti wa maji, msaidizi katika chuo kimoja cha mji, na naweza kuonyesha nyumba tatu za Butembo ambazo dari zake ni mbao zilizonisomesha. Ndiyo maana nikimtaja mwanamke yule kifua kinajaa, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Kukutana naye uso kwa uso kulikuwa jambo jingine. Kila mtafiti aliyetaka kuingia kipindini mwake alipita kwanza kwa mwanamke mmoja aliyeuza tilapia chini ya ngazi za redio. Ulikuwa mtihani, na hakuna aliyesamehewa, awe daktari wa miti au mwanafunzi. Unamweleza muuza samaki utafiti wako wote, kwa subira, huku anapara magamba. Halafu unakaa pembeni na kungoja mteja aje. Mteja akija, muuza samaki anamsimulia kwa maneno yake, huku Mama wa Redio amegeuza mgongo kama mtu anayetazama pikipiki barabarani, daftari mkononi, anaandika. Kilichotoka mdomoni mwa muuza samaki ndicho kilichosomwa Jumamosi. Alichokiacha, kimeachwa.

Mimi nilikuja na kurasa nane na courbe, mchoro wa namba zangu, juu ya mmomonyoko wa udongo. Nilieleza mpaka koo likakauka. Akaja mama mmoja kununua samaki wawili, na muuza samaki akamwambia hivi: "Ule kijana anasema udongo ya kule juu inashuka mu mutoni kila mvua. Unalima juu, mbolea yako inalala chini, na chini si shamba yako." Mteja akatikisa kichwa, akachukua samaki wake, akaenda.

"Lakini Mama," nikalalamika, "ameacha courbe yangu yote! Nilifanya miaka miwili juu ya ile courbe."

Mama wa Redio hakugeuka. "Ule mama amenunua samaki na courbe yako?"

"Hapana."

"Amesikia udongo inaenda wapi, fasi gani?"

"Amesikia."

"Alors, unalilia nini?"

Nililala siku ile na hasira. Asubuhi nikayasoma upya maneno ya muuza samaki na kukuta hayana kosa hata moja, wakati muhtasari wangu wa Kifaransa ulikuwa na makosa mawili ambayo profesa wangu hakuyaona. Mara nyingine muuza samaki alikosea kweli, akasema mto umekauka ambapo mtafiti alisema unapungua. Mama wa Redio hakumlaumu kamwe. "Kama amesikia mubaya, ni weye ulisema mubaya," alimwambia mtafiti. "Rudia." Nimeona mwanamume mwenye miwani na mkoba wa ngozi akirudia mara nne, jasho likimtoka, tilapia wakimtazama.

Desturi yake nyingine aliipata kwa aibu, na aliisimulia mwenyewe bila kuficha. Katika miaka ya mwanzo alitangaza habari ya nyavu za matundu madogo kule Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, zinazokokota samaki wachanga kabla hawajazaa. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini wavuvi hawakulisikia kwake. Walilisikia kwa wachuuzi walioshuka kutoka Butembo na kuwacheka. Alipokwenda huko wiki iliyofuata, kijiji kizima kiliendelea na kazi zake kana kwamba hakikumwona. Nyavu zilikuwa zimefichwa. Hakuna aliyempa kiti, hakuna aliyempa maji, na kwetu kumnyima mgeni maji ni tusi ambalo halihitaji maneno. Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka jioni. Ndipo mzee mmoja akamjia: "Ulisema siye mbele ya batu yote, mbele ya kusema na siye. Juu ya nini?"

Tangu siku ile hakutangaza tena habari ya kijiji chochote kabla ya kwenda kuisoma kwanza katika kijiji hicho, kwa watu wenyewe, kwa sauti, wakiwa wamesimama na kumkatiza wanavyotaka. Wakubwa wa redio walilia kwamba habari zinachelewa. Zilichelewa kweli. Redio nyingine za mji zilimtangulia kila mara, naye hakujali hata kidogo. Kuhusu nyavu, alirudi Kyavinyonge mara tatu. Ya tatu wakamwingiza katika mtumbwi ili aone wenyewe wanaanzia wapi kuvua, yeye ambaye aliogopa maji kuliko nyoka. Katika sauti aliyorekodi siku hiyo unasikia makasia, unasikia mvuvi akieleza mahali samaki wanapotagia, na nyuma yake unamsikia Mama wa Redio akisali kwa Kinande, lugha ya vilima vyetu, bila kupumua. Alikataa kuikata sala ile. "Bajue nilikuwa kule kweli," alisema.

Asije mtu akadhani nachora mtakatifu. Alihubiri juu ya makala nusu ya maisha yake na alipikia makala. Ukimwambia, anakujibu kwamba maharagi hayaivi kwa hotuba. Alichukia mifuko ya plastiki na alivaa viatu vya plastiki mwaka mzima, mvua na jua. Hewani alikuwa mpole kama mkunga, lakini akipunjwa na dereva wa pikipiki alimtukana kwa lugha tatu, na ya tatu ilikuwa Kilingala alichojifunza kwa wanajeshi. Alijua kuringa pia. Mtu akimsifu barabarani alikataa kwanza, halafu akapunguza mwendo ili asifiwe vizuri.

Kuna walioona kazi yake ni anasa. Upande wa Beni watu wanauawa mashambani mwao, familia zinashuka Butembo na magodoro kichwani, na wewe unazungumza miti? Kijana mmoja wa habari za vita alimwuliza hivyo mbele yangu, kwa dharau. Hakumkasirikia. Alimshika mkono, akampeleka dirishani, akamwonyesha foleni ya bidoni za njano, yale madumu ya maji, kwenye bomba la jirani. "Bale benye walikimbia, banakunywa nini?" akamwuliza. "Balifika hapa batu mingi, na maji ni ile ile ya zamani. Weye sema bunduki. Miye nitasema ile foleni." Kijana yule sasa humwita Mama, na namwona akimbebea mkoba.

Kuaminiwa kwake nilikuona kwa macho yangu kwenye barabara ya Beni. Nilipanda lori la mbao la mzee mmoja Mwislamu, msafirishaji wa miaka mingi. Jumamosi, saa ya kipindi, alisimamisha lori juu ya kilima kimoja na kuzima injini. Abiria wakapiga kelele. Akasema kwamba ukishuka tu bondeni redio inakufa, na yeye hashuki mpaka Mama wa Redio amalize. Tulikaa pale kipindi kizima, watu kumi na zaidi juu ya mbao za mikaratusi, tunasikiliza habari ya mashimo ya takataka. Alipomaliza, mzee akawasha injini na kuniambia kwamba mbao za chini kabisa ni za mtoto wake wa tatu, za miti aliyoipanda siku ya kumpa jina. "Alisema panda, nikapanda," akasema. "Sasa ule mutoto anasoma uuguzi."

Sasa nifike nisipopenda kufika. Kwa miaka minne nilipima chemchemi za vilima vyetu kwa ndoo na saa ya simu, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Pale ambapo bonde lilibaki na majani na migomba, maji yalikuwa yanakuja karibu kama zamani. Pale ambapo mikaratusi ilizunguka chemchemi, maji yalikuwa yanapungua kila kiangazi, na mbili zilikuwa tope tu. Mti ule ni mlevi. Ukiupanda kilimani unaishi kwa mvua, lakini ukiuweka kando ya chemchemi hauachi kunywa. Nilipima tena nikitafuta kosa langu. Niliomba kwa Mungu niwe nimekosea. Halafu nikayafungia majibu kwenye droo, mwaka mzima, kwa sababu nilijua nani aliwaambia watu wapande pale.

Wakati huo alikuwa ameacha kipindi. Magoti yalimkataa, ngazi za redio zikawa adui, na binti mmoja hodari alishika nafasi yake. Niliona nina njia rahisi: nimpe binti yule utafiti, asome "watafiti wanasema", na jina la mwanamke yule lisitajwe. Nilifika mpaka chini ya ngazi. Muuza tilapia akanitazama, akaniuliza nimebeba nini, nami nikashindwa kumdanganya. "Peleka kwake," akasema. "Miye, hii sitaisikiliza yeye hajaisikia."

Nilimkuta nyumbani kwake, kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, anachambua maharagi. Nilimweleza yote bila kupumzika. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo peke yake lilinitisha. Nilipomaliza akaendelea kuchambua, jiwe huku, haragi kule.

"Ulipima mwaka ngapi?"

"Miaka mine."

"Na ulijua kwa mwaka ngapi mbele ya kuniambia?"

Nikasema mmoja. Hapo ndipo alipoinua uso. "Mwaka muzima batu banaendelea kupanda mu source, ku chemchemi, na weye unanichunga miye?" Sauti ilikuwa ya chini. Afadhali angenitukana kwa zile lugha tatu.

Nikamwambia mpango wangu: binti asome, watafiti waseme, yeye apumzike. Watu wengi hata hawakumbuki nani alianza.

"Banakumbuka," akasema. "Miye nakumbuka. Ni sauti yangu ndiyo iliwaambia bapande. Ukisema weye, batasema assistant anabishana na Mama wa Redio, na batafuata miye, juu banazoea kunifuata. Miti itabaki." Akaweka sinia chini. "Inafaa wasikie kwa miye mwenyewe. Lakini kwanza tuende kule. Kwa nani tutaanza?"

Nikaokota haragi lililoanguka. Akanisoma. "Kwenu," akasema.

Tulipanda kilimani kwa pikipiki mbili, yeye mbele, ameshikilia kilemba. Mama yangu alikuwa kwenye chemchemi. Mikaratusi iliyosimama juu yake ilikuwa ya mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa anamaliza sekondari, na mama alikuwa ameshapatana na mpasua mbao kwa mwaka unaofuata. Pembeni kulikuwa na wanawake saba au nane wa familia zilizokimbia upande wa Beni, bidoni zao kwenye mstari, na maji yakitoka membamba kama mkojo wa mbuzi. Mama wa Redio alikataa kiti. Alitoa karatasi na kusoma kama alivyosoma kila mara katika vijiji vya watu, neno kwa neno, kwamba miti ya bondeni inakausha maji, na kwamba aliyewaambia waipande bondeni ni yeye, na kwamba alikosea.

Mama yangu alimsikiliza mikono kiunoni. Si mwanamke wa kulia. "Yaya, dada mkubwa," akasema, "hii miti ni masomo ya mutoto. Ngoja mwaka moja tu, nitakata."

"Ukiikata mwaka ule itachipua tena. Inafaa itoke na mizizi."

"Na kesho utakuja kusema ingine? Kesho utasema pia maharagi ni mubaya?"

"Kama nikikosa tena, nitakuja," akajibu Mama wa Redio. "Sitamutuma mutu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akanitazama mimi, mwanawe aliyesomeshwa na miti ile ile, kisha akayatazama maji. Ndipo akasema jambo ambalo katika miaka minne ya kupima sikuwahi kumwuliza. Alisema wanawake wa kilima husali wakingoja bidoni ijae. Zamani, kabla ya miti, bidoni ilijaa kabla hujamaliza Salamu Maria tatu. Miti yangu ilipokatwa, ilikuwa Salamu Maria kumi, kumi zima la rozari. Sasa rozari yote inakwisha na bidoni haijajaa. "Siye tulifikiri ni Mungu anataka tusali zaidi," akasema. Mmoja wa wanawake wa Beni akacheka, halafu wote wakacheka, hata mama. Mama wa Redio alikuwa ameshatoa kalamu, amegeuza mgongo, anaandika.

"Sema ku redio vile umesema hapa," mama akamwambia mwishoni. "Usipunguze. Miye sikate peke yangu, bale ba ngambo ya bonde bapande yao na kunicheka."

Jumamosi iliyofuata tulimbeba kwenye ngazi, mimi upande huu, kijana wa habari za vita upande ule. Binti hodari alimpisha kiti. Chini, muuza tilapia alikuwa amefunga biashara na kuweka redio juu ya meza ya samaki. Mama wa Redio alivaa vifaa vya masikioni na kusema, bila wimbo wa kipindi, bila salamu ndefu:

"Ni miye. Zamani niliwaambia mupande eucalyptus karibu na source, juu ya bamama benye wametoka kuzaa. Mulinisikia, mukapanda. Nilikosa. Miti ya kilima, muiache. Ile ya mu source inakunywa maji yenu, na inafaa itoke, ata kama iko na jina ya mutoto." Akaeleza zile Salamu Maria tatu, na kumi, na rozari nzima. Bati likaanguka chini, akanyamaza, akaendelea. Alisema kwamba mtafiti aliyepima yuko naye, kwamba kosa la kupanda si la mtafiti wala la akina mama, ni lake, na kwamba sasa simu ziko wazi.

Mimi nilishikilia ukingo wa meza. Niliwaza maisha yote ya mwanamke huyu yako hewani na hayana pa kujificha. Niliwaza mtu atamwita mwongo. Niliwaza atamwambia akarudishe miaka yao. Simu ikaita mara moja tu kabla ya kupokelewa.

Alikuwa mwanamume, sauti ya mtu wa shamba, na kuku nyuma yake. "Mama wa Redio, wasingya," akashukuru kwa Kinande. "Nimesikia. Niko na swali moja. Toka ku source, tutoe miti mpaka hatua ngapi?"

Akanigeukia. Studio nzima ikanigeukia. Nilikuwa nimepima maji kwa miaka minne. Umbali wa miti sikuwa nimeupima hata siku moja. Nilikuwa na namba za ndoo, namba za mvua, na swali la pekee ambalo mkulima alilihitaji sikulifikiria. Nikasogea kwenye maikrofoni.

"Papa, sijue," nikasema. "Hiyo sijapima."

Nilijua nimemmaliza Mama wa Redio. Nilimtazama, nikitegemea kuona uso umeanguka, na nikamkuta ameegemea kiti, ametulia kabisa, anangoja sauti ya yule mtu kama mimi.

"Basi upime," mtu wa shamba akasema. "Siye tutaanza na ile yenye mizizi yake imeingia mu maji. Ku ingine tutakungojea. Uanzie kwetu." Akataja kilima chake na kukata simu.

Wa pili naye hakuuliza ni kweli au si kweli. Alitaka nianzie kwake. Wa tatu alikuwa yule mzee wa lori, amesimama juu ya kilima chake barabarani. Alisema kwao Beni kuna chemchemi mbili, na kwamba atanibeba bure. Mama wa Redio akageuza karatasi yake na kuandika majina ya vilima nyuma yake, mpaka nafasi ikakwisha, akaomba karatasi nyingine. Alikuwa analia na hakuacha kuandika. Mimi pia nililia, na nilijivunia kuwa mtu wa mji ambao mtu anaweza kusema hewani "nilikosa", mwingine aseme "sijue", na wasikilizaji wajibu kwa kutaja jina la kilima chao.

Jumatatu alfajiri nilipanda kwetu na kamba ya kupimia. Mama yangu alikuwa bondeni na wanawake wa Beni, shoka na majembe mikononi, matope mpaka magotini. Mikaratusi mitatu ya mdogo wangu ilikuwa imelala chini na visiki vyake.

"Umechelewa," akaniambia, akanionyesha mahali pa kushikilia kamba.